Mtama wa Mayu na Siku Kumi na Tisa za Kiu

Suke nililopewa lilikuwa na masizi upande mmoja, ule uliotazama moto. Mama aliyenipa alikuwa na masuke mawili tu ya mtama, yakining'inia juu ya mafiga yake, katika kijiji kilicho kusini mwa Misungwi ambako wenzake karibu wote walikuwa wamehamia kwenye mahindi na pamba. Alinichagulia lililo kubwa. Nilipouliza bei, alinitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya salamu.

“Mbegu haiuzwi, bwana shamba. Ukivuna utanirudishia masuke mawili. Ndivyo tunavyofanya.”

Kijijini kwake walimwita mayu, yaani mama, nami nikafuata. Mtama wake ulijulikana kwa jambo moja: mvua ikikatika, mwingine hukauka, wake hukunja majani na kungoja.

Mimi nilikuwa msaidizi wa shamba katika kituo cha utafiti, kwa mkataba wa miezi sita sita. Ilikuwa miaka ile ambayo wanunuzi binafsi wa pamba walianza kufika vijijini na mizani zao, viwanda vya minofu ya samaki vikafunguliwa kando ya ziwa, na kwetu kituoni kila baada ya muda orodha ya waliopunguzwa kazini ikabandikwa ukutani. Jina langu lilikuwa halijatokea kwa sababu kulikuwa na mradi, na mradi ulikuwa wa mtafiti kijana, Mtanzania, aliyekuwa akisomea shahada yake ng'ambo.

Alinieleza kazi yake kwa kuchora mchangani na kijiti. Vinasaba, alisema, vina koo kama watu. Babu mmoja alinakiliwa zamani sana, watoto wakatawanyika, kila mmoja akashika kazi yake. Baadhi yao hulala muda wote, huamka tu siku mmea unapopata kiu. Alitaka kujua katika mtama usiokufa ni nani katika ukoo anayeamka kwanza.

“Kama msiba,” nikamwambia. “Ukoo mzima unaitwa, lakini kuna anayewahi kufika na kuna anayekuja kula.”

Akacheka, akaliandika hilo kwenye daftari lake.

Tulipanda vyungu arobaini chini ya paa la nailoni ili mvua isiingie. Mbegu zilizobaki alizitia kwenye bahasha akazituma chuoni kwake. Mimea ilipofika magotini, tukaigawa: ishirini ikaendelea kunyweshwa, ishirini ikapangiwa kunyimwa maji kwa siku ishirini na moja. Kila asubuhi na kila alasiri niliandika nilichokiona. Siku ya tano, majani yanajikunja adhuhuri na kukunjuka jioni. Siku ya tisa, hayakunjuki tena. Siku ya kumi na moja, rangi inaelekea kijivu, shina bado gumu.

Siku ya kumi na mbili mayu akaja, amepanda lori la pamba. Mvua ya kwanza ilikuwa imemdanganya. Alipanda nusu ya suke lake, ikaota, jua likaichoma. Akapanda nusu iliyobaki, na hiyo ng'ombe wa jirani wakaimaliza asubuhi moja. Juu ya mafiga hapakuwa na kitu. Mtama wake sasa ulikuwa kwenye vyungu vyetu na ndani ya bahasha, basi.

“Shikamoo, mayu.”

“Marahaba. Nimekuja kuwaona wangu.”

Alipita chungu kwa chungu. Penye mimea ya kijani alitikisa kichwa kwa kuridhika. Alipofika kwenye ile mingine akasimama.

“Hawa wamekosa nini?”

Nikamweleza kwamba tunawanyima maji makusudi, tujue wanavumilia vipi.

“Mnapima kiu. Mngeniuliza mimi, nimelima na jua tangu sijaolewa.” Mlinzi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akacheka. Mayu akaelekeza kidevu nje. “Na bomba lile?”

“Linatoa maji.”

“Kwa hiyo hapa jua ni ninyi.”

Kisha akauliza watatoa masuke lini. Nilikuwa na jibu kwenye daftari kwa mwandiko wangu mwenyewe: siku ya ishirini na moja kata majani, ng'oa mizizi, vyungu vyote. Hakuna hata mmoja ambao ungefika kutoa suke. Nikasema, “Tutaona, mayu.” Akanishukuru, akaniambia atarudi.

Jioni ile nilimwomba mtafiti aniachie vyungu vinne. Hakuwa mtu mkali. Alifikiri kwanza, kisha akaniambia kwamba vikipungua vinne hesabu haisimami, na profesa wake ataikataa kazi nzima. Tiketi yake ya ndege ilishakatwa. “Lakini mbegu ziko kwenye bahasha kule,” akasema. “Nitamtumia.” Nikalishika neno hilo.

Siku ya kumi na tisa nilikwenda mjini kutafuta barafu ya kuhifadhia majani tutakayokata. Umeme ulikuwa wa mgao na friza yetu haikuaminika, na ujumbe ambao vinasaba hutoa ndani ya jani huoza haraka kuliko samaki. Nilikwenda Mwaloni, Kirumba, kwa wachuuzi wa samaki, nikajaziwa boksi lililonuka sangara. Niliporudi alasiri, mlinzi alikuwa amesimama katikati ya njia.

“Mama yako amekuja,” akasema.

Udongo wa vile vyungu ishirini ulikuwa mweusi kwa maji. Alikuja na ndoo yake mwenyewe kutoka nyumbani, akachota bombani, akanywesha kimoja kimoja.

“Kwa nini hukumzuia?”

“Ningemzuiaje mtu mzima? Amesema ni wake. Kwani si wake?”

Ameondoka saa ngapi? Saa tano. Amesema nini? Amesema, waambie nimewanywesha, sasa waachwe wazae.

Nilikaa kwenye kiti cha mlinzi nikaitazama mimea. Majani yaliyokuwa yamejikunja kama sigara yalikuwa yamefunguka, na yale ya katikati yalikuwa yamesimama. Nakiri kwamba kwa muda wa kama saa moja nilifurahi. Niliona jaribio limeharibika, kwa hiyo litaachwa, na vyungu vitabaki hadi vitoe masuke. Nilishaanza kutafuta maneno ya kumtetea mayu.

Mtafiti alipofika alichuchumaa, akashika udongo. Nilidhani atalia. Kisha akauliza, “Amenywesha saa ngapi?”

“Saa nne hivi,” mlinzi akajibu.

“Tumepata kitu ambacho sikukipanga.” Alikuwa tayari anafungua daftari. “Nilitaka kujua nani anaamka. Sasa tutajua pia nani anarudi kulala, na kwa haraka gani. Barafu umepata?”

“Nimepata.”

“Lete mkasi.”

Tulikata siku tatu mfululizo, vyungu vilivyokuwa na kiu na vile vya kulinganishia. Majani kwenye vifuko, mizizi imeoshwa, vyote ndani ya barafu niliyoileta mwenyewe. Najiambia kwamba kama ningekataa angekata mwingine, na hilo ni kweli. Lakini sikukataa. Orodha ilikuwa ukutani na mkataba wangu ulikuwa umebakiza wiki tano.

Mayu alirudi mtafiti akiwa ameshaondoka. Alikuta vyungu vimeoshwa, vimepinduliwa juani vikauke.

“Hata kimoja?”

“Hata kimoja, mayu.”

Akakalia chungu kimoja. Ndoo yake ilikuwa mkononi. Akauliza, “Nisingewapa maji, wangebaki?”

“Wangeng'olewa vilevile.”

Ulikuwa ukweli, na hadi leo sijui kama ulimsaidia au ulimwongezea. Nikamweleza habari za bahasha. Akauliza ng'ambo kuna umbali gani. Sikujua kuupima kwa namna ambayo ingemfaa.

Niliandika barua tatu kwa chuo cha mtafiti. Jibu lilikuja moja, la adabu: mbegu zimesajiliwa kwa namba, zimehifadhiwa kwenye baridi, na haziwezi kutoka bila vibali vya nchi zote mbili na fomu iliyosainiwa na mkuu wa kituo. Mkuu alisaini. Fomu ikaenda Dar es Salaam. Nilifuatilia kwa simu ya kituo mpaka orodha iliyofuata ilipobandikwa na jina langu likiwamo.

Mtafiti alimaliza shahada yake, na hakunisahau. Alinitumia nakala ya chapisho, ndani yake umechorwa ukoo mzima kama matawi, na tawi moja lina nyota: ndiye aliyeamka kwanza kwa kiu na kurudi kulala mara tu alipopata maji. Mtama wa mayu umeandikwa kwa namba yake.

Mara ya mwisho nilimwona Misungwi, siku ya mnada. Yeye ndiye aliyeniona.

“Bwana shamba. Yule wangu hajambo huko?”

Aliuliza kama anayeulizia binti aliyeolewa mbali.

“Hajambo, mayu.”

“Wamemweka wapi?”

“Kwenye baridi. Amelala tu.”

“Wadudu?”

“Hakuna wadudu.”

“Haya,” akasema. Akageukia meza ya muuzaji wa pembejeo, akachukua pakiti ya mbegu za mahindi, akaitikisa karibu na sikio, kisha akauliza bei.