Dobi Aliyefua Vidole

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ni dobi, na mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Anaitwa Nyeupe Pe. Jina hilo kajipa kwa mdomo wake mwenyewe, maana ukimpelekea shati atakuambia, "Litarudi jeupe pe," hata kama ulilinunua la bluu.

Kibanda chake kina mabeseni matatu, meza ya pasi iliyofunikwa blanketi kuukuu, na kamba nne za kuanikia alizozifunga kwenye ukuta wa jirani bila jirani kuulizwa. Juu ya mlango ameandika: HAKUNA DOA. Ni mtu mwema. Halewi, hagombani, na sala haimpiti. Kasoro yake ni moja tu: ukimwambia doa fulani halitoki, siku hiyo hali chakula. Kuna mwaka tulikwenda msibani, akamvua mfiwa koti kwa sababu ya tone la mafuta. "Pole sana ndugu yangu," akamwambia, "Mungu akutie nguvu, lakini hili nalichukua."

Siku ya kura ya ubunge, saa nne asubuhi, mpambe wa mgombea mmoja alifika kibandani. Huyo tulimjua kwa tai yake nyekundu, haivui hata kwenye jua kali. Alikuja na watu kumi na wawili waliokwisha kupiga kura, kila mmoja na kidole cheusi.

"Mzee, hawa ni wahudumu wa hoteli," akasema. "Wageni hawataki kuletewa chai na kidole kama hicho. Ila nasikia wino huu umetoka ng'ambo, hautoki."

"Nani kakuambia?" akauliza shemeji, na tayari alikuwa anakunja mikono ya shati.

Dawa yake ni limau, magadi, na kitu cha tatu ambacho dada yangu hakijui mpaka leo, na ana miaka thelathini kwenye ndoa. Kwa kuwa watu walikuwa wengi, aliwapanga kama anavyopanga nguo. Kila kidole kilipewa kitambaa chake cha namba, vile vitambaa anavyobana na pini kwenye mashati yasichanganyike. Kidole kikitoka safi, kitambaa kinatundikwa kwenye waya ulio juu ya meza ya pasi. Hadi jioni waya ulikuwa na vitambaa hamsini na viwili. Kuna mtu mmoja mwenye kovu kidoleni alirudi mara tatu, na kila mara wino mbichi. Shemeji hakushangaa. Nguo hurudi chafu, ndiyo kazi yenyewe.

Mgombea wa yule mpambe akatangazwa mshindi kwa tofauti ya kura thelathini na nane. Aliyeshindwa akaenda mahakamani kupinga matokeo, akisema watu walipiga kura, wakasafishwa, wakapiga tena. Mnauliza alijuaje? Hakuna aliyemchongea shemeji yangu. Alijichongea mwenyewe. Wiki nzima kila mteja aliyeleta nguo alisimuliwa jinsi wino wa ng'ambo ulivyoshindwa na beseni la mtaani.

Hati ya kuitwa shahidi ilipokuja, ndipo alipokaa chini.

"Hoteli yenye wahudumu hamsini na wawili," dada yangu akamuuliza, "mji huu iko wapi, baba watoto?"

Kumsaidia mtu kupiga kura mara mbili ni jela, na hilo alilijua hata asiyesoma. Yule wa tai nyekundu naye akaja, safari hii peke yake, akaketi kwenye kigoda na kusema kwa upole kama daktari, "Mzee wangu, sahau tu. Asiyekumbuka hafungwi."

Alipoondoka, shemeji akanigeukia mimi. "Shemeji, wewe mtu wa sala, niambie. Kusahau ni dhambi?"

"Kusahau si dhambi," dada yangu akanitangulia. "Ila hii ya kusahau kwa miadi, baada ya kushika Kitabu, hiyo utamweleza Mungu wewe mwenyewe. Mimi usinitaje."

Nilimwombea usiku ule. Kusema kweli sikujua niombe nini. Akisema kweli anafungwa, dada yangu abaki na mabeseni. Akisema uongo anarudi nyumbani, lakini anarudi nani?

Mahakamani tulikaa benchi la tatu. Shemeji alipanda kizimbani akiwa amevaa shati ambalo naapa lilikuwa linatoa mwanga. Akashika Kitabu, akaapa, kisha akaanza kusahau.

Wakili wa mlalamikaji alimuuliza, "Siku ya kura ulisafisha vidole vya watu?"

"Sikumbuki."

"Unamjua mtu wa tai nyekundu?"

"Tai ninazoziona ni nyingi."

"Siku ya kura ilikuwa lini?"

"Sikumbuki."

Jaji, mama mmoja mwenye miwani inayoteleza puani, alimwangalia kwa muda mrefu. Dada yangu alikuwa anatazama sakafu. Wakili akachoka, akaketi. Kesi ilikuwa imekwisha pale pale. Wakili wa mbunge angenyamaza tu, wote wangekwenda kula. Lakini kuna watu Mungu kawajalia sauti nzuri na hakuwajalia pa kuikomeshea. Akasimama, akavuta joho.

"Mheshimiwa Jaji, nina swali moja dogo. Shahidi, wewe ni dobi wa kawaida tu wa mtaani?"

"Ni dobi."

"Wino huu umetengenezwa na wataalamu wenye shahada. Nakuambia hakuna dobi duniani anayeweza kuutoa, wewe ukiwa wa mwisho. Kweli au si kweli?"

Angesema "kweli," akaenda nyumbani. Hilo tu. Mpambe, nyuma kabisa, alikuwa anaitikia kwa kichwa kumsaidia. Macho ya shemeji yangu yakashuka taratibu hadi kwenye kola ya wakili.

"Wakili," akasema, "hilo doa la chai kolani mwako lina wiki mbili, na uliyempa alilipiga pasi kabla hajalifua. Mtu mwenye kola kama hiyo usinifundishe mimi habari za madoa."

Watu wakaangua kicheko. Mungu anisamehe, na mimi nilicheka.

"Huwezi!" wakili akasema, amekasirika.

"Lete kidole."

Jaji alipiga meza watu wanyamaze. Akafikiri, kisha akaamuru chupa ya wino iliyowekwa kama kielelezo ifunguliwe. Wakili, kwa kiburi chake, akachovya kidole mwenyewe. Askari akamsindikiza shemeji kuchukua vifaa, na tuliporudi baada ya chakula wino ulikuwa umekauka kama rangi ya mlango. Beseni likawekwa mbele ya meza ya Jaji. Shemeji akasugua kimya kimya, akasuuza, akakausha. Haikuchukua robo saa. Kidole kilitoka cheupe pe, mpaka vile vingine tisa vikaonekana vichafu.

"Sasa, shahidi," Jaji akasema, "unakumbuka?"

Kabla shemeji hajafungua mdomo, Jaji akainua kidole.

"Nakuonya. Hulazimiki kujibu swali linaloweza kukutia hatiani."

Shemeji akamtafuta dada yangu kwa macho. Dada yangu akainua kichwa kwa mara ya kwanza siku ile.

"Nimekumbuka, mheshimiwa," shemeji akasema. "Nilidhani ni wahudumu wa hoteli. Yule mwenye kovu aliporudi mara ya pili nilipaswa kuuliza, sikuuliza. Nilikuwa nafurahia kazi yangu. Vitambaa vyote viko kwenye waya, nendeni mkavihesabu."

Wakavihesabu. Tulipotazama nyuma, tai nyekundu haikuwepo.

Hukumu ilisomwa mwezi uliofuata. Jaji alisema kura thelathini na nane ni chache kuliko vidole hamsini na viwili, akaufuta uchaguzi. Shemeji alipewa karatasi ya kumkinga asishitakiwe, kwa kuwa mwishowe alijibu kweli. Dada yangu aliilaza kifuani usiku kucha. Mbunge naye aliwaambia waandishi kwamba yule mpambe hamfahamu kabisa, ingawa kwenye picha zote za kampeni wako chini ya mwavuli mmoja.

Kabla wiki haijaisha, yule aliyeshinda kesi akaja kibandani kushukuru. Alimshika shemeji mkono kwa mikono yote miwili, akazungumza juu ya haki mpaka macho yakalowa. Kisha akatazama nyuma, akashusha sauti.

"Mzee wangu, uchaguzi wa marudio uko karibu. Siku hiyo... utakuwa na nafasi?"

Shemeji alichukua rangi, akapanda kwenye kigoda mgeni akiwa bado amesimama, na chini ya HAKUNA DOA akaandika: NGUO TU.

Siku ya marudio alifunga kibanda, akapanga foleni pamoja nasi. Karani alipomwona akashtuka, akawaita wenzake. Wakanong'onezana. Sisi wengine tulichovywa kidole kimoja. Yeye walimchovya mkono mzima, mpaka kwenye kifundo.

"Hata huu anaweza," mtu mmoja akapiga kelele nyuma. Foleni yote ikacheka.

Shemeji aliuangalia mkono wake, kisha akashika njia ya nyumbani. Wiki sita zilizofuata alifua mashati meupe ya watu kwa mkono mweusi, na kila mteja aliyetaka kujua mbona hausafishi alijibiwa hivyo hivyo:

"Hili nimelipata kihalali. Liache litoke lenyewe."