Firimbi ya Mutua

Juzi, kwenye hoteli moja hapa Kitengela, niliona vijana wakifundishwa kuokoa mtu anayezama. Harufu ya klorini ikanirudisha kwa Mutua.

Mutua alilinda bwawa la kuogelea tulikopelekwa na baba utotoni, kila Jumapili baada ya kanisa. Alivaa firimbi shingoni na gambuti miguuni, nami niliamini kila mwenye firimbi anajua kuogelea. Alasiri moja nilijifanya ninazama, ili nimwone akiruka. Aliruka na gambuti zake. Alipopigapiga maji kwa mikono, sisi watoto tulicheka, tukidhani anatuchezea.

Baba alimvuta kwa ule mti mrefu wa kuokotea majani. Mutua akakohoa sana, kisha akaniuliza, "Uko sawa, mami?"

Nilimjibu niko sawa. Sikumwambia nilikuwa nacheza.