Sura Yake Hakutaka Kuwapa

Humphrey akirudi nyumbani kwao Hayes, huko ughaibuni, kutoka kwenye ghala la mizigo, alikuwa hapitii kwa mtoto. Alinyoosha moja kwa moja chooni na simu yake, akajifungia. Mkewe, Lilian, aliendelea kumlisha Eddie uji, masikio yakiwa mlangoni. Alijua. Siku moja aliazima ile simu apige kwao Moshi, akakuta wanawake uchi wamejaa kwenye kioo, wamepangwa kama nyanya sokoni.

Hakumwambia mtu isipokuwa rafiki yake Gaudensia, wa kule Stratford, upande wa pili wa jiji.

"Angekuwa ananunua, angefika mahali akaona uchungu," Gaudensia alimjibu. "Cha bure hakina mwisho, mdogo wangu. Mtu anakula hata hasikii shibe."

Maneno yale hayakumpoza. Kila alipooga aliitazama michirizi ya uzazi tumboni, akajiambia kwamba mume amemchoka. Akaamua: mwezi ukiisha, anambeba mtoto anahamia kwenye chumba alichoahidiwa na Gaudensia.

Jumamosi moja mchana Humphrey akatoka chooni mapema, amefura.

"Hawa watu wana wazimu! Eti sheria mpya, nijipige picha ya sura, wahakikishe umri wangu!"

"Watu gani hao, Baba Eddie?"

Humphrey akafungua mdomo, akaufunga. Ulikuwa umeshamtangulia.

"Hao… wa zile video," akasema, macho sakafuni.

"Si ungewapa tu? Mbona una ndevu mpaka shingoni."

"Niwape sura yangu? Watu wa viza wanayo, na vidole vyangu wanavyo. Siku nimeenda kuomba tena, wafungue kompyuta wanikute huko?"

Lilian alitaka kukasirika, kicheko kikamponyoka. Eddie naye akacheka, uji ukamwagika kidevuni.

"Na wangetaka hela?"

"Hela! Nani anunue kitu kilichomwagwa njiani?" Humphrey akavuta kiti, akakaa. "Tena hata sijui nilikuwa natafuta nini, Mama Eddie. Hiki sikimalizi, nimeshafungua kile. Ulikuwa unajua?"

"Tangu mtoto hajaanza kukaa."

"Na ukanyamaza?"

"Nilidhani ni mimi. Mwili wenyewe ndio huu."

Humphrey alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi. "Wewe? Hapana, mke wangu. Hapana kabisa. Ilikuwa ipo tu, haina bei, haina hodi. Ningekuwa naingia dukani watu wananiona, nisingeenda hata mara moja."

Lilian hakujidanganya. Mlango mmoja ukifungwa, mwenye tamaa hutafuta dirisha, na hilo alimwambia pale pale. Humphrey akaiweka simu mezani. Alimtoa Eddie kwenye kiti chake, akaenda kumnawisha.

Lilian akabaki na bakuli mkononi. Akampigia Gaudensia.

"Dada, kile chumba mpe mtu mwingine," akasema, na kifua chake kikashuka kama aliyetua ndoo.