Upande wa Pili wa Bango

Nesi wa macho alikuwa amechoka hoi. Miaka ishirini anapima watoto waliotoka kwenye ajali, na miguu yake haikuizoea kazi hiyo hata siku moja. Binti wa leo alipigwa na vioo jichoni gari la baba yake lilipopinduka. Nesi alimziba jicho zima, naye kwa lile lililoumia akasoma herufi zote za bango la kupimia macho bila kusita. Mama yake, aliyeketi chini ya bango, akashusha pumzi.

Nesi hakufurahi. Watoto hukariri wakiwa kwenye foleni. Akageuza bango, upande wenye herufi nyingine. Binti akasoma zilezile za mwanzo.

Nesi alipoinama kumzibua jicho, mtoto akamnong'oneza, "Anti, usimwambie mama. Ndiyo kwanza ameacha kulia."