Upepo Juu ya Shingo ya Hannia

Don Evelio Quirós hakupenda kuitwa fundi wa feni. "Feni ni ile inayofukuza nzi buchani," alikuwa akisema. "Mimi natunza hewa." Tulimcheka kwa majivuno yake, lakini hakuwa akidanganya. Kiwandani kwetu, hapa mjini Alajuela, kuna wanawake thelathini wanaoshona vali za moyo kwa mkono, chini ya hadubini, kwa sindano ambayo ukiiangusha ndiyo umeiaga. Wanashona utando wa ng'ombe mwembamba kama ganda la kitunguu, na kazi yao huishia kifuani mwa mtu. Ndiyo maana hewa ya chumba chao inachujwa kwanza, kisha inashuka taratibu kutoka darini, imenyooka, ikisukuma kila chembe ya vumbi hadi kwenye matundu yaliyo karibu na sakafu. Juu ya kila meza kuna mashine yake, feni na kichujio ndani ya sanduku moja. Evelio alizijua zote kwa tabia: ipi inakoroma, ipi inachoka mapema, ipi raba yake ya pembeni imeanza kukakamaa.

Mimi ni Xinia, na kazi yangu ni mlangoni, kwenye chumba cha kuvalia. Hapiti mtu kwangu akiwa na wanja, poda, marashi wala rangi ya kucha. Nimewahi kumfuta mdomo meneja mzima aliyetoka kwenye sherehe ya ubatizo. Wananiita Jemadari, na sioni ubaya. Nayasema haya ili ujue kwamba kilichotokea mwaka ule mlima ulipotema majivu kilinigusa na mimi, tena kiliniudhi sana.

Evelio alianza na upepo tangu utotoni. Baba yake alikuwa akiendesha tanuri la kukaushia kahawa kule mji wa Grecia, si mbali na kwetu, na yeye alijifunza kusikiliza mapigo ya kipulizio kabla hajajua kusoma. Kwetu alifanya kazi miaka kumi na tisa. Kila mwezi alipanda ngazi na kipima upepo chake, akapima sehemu tisa chini ya kila mashine na kuandika kwenye daftari kwa mwandiko wa mwanafunzi bora. Vichujio vipya vilipokuja alivipokea mwenyewe getini. Boksi lililobonyea kona moja alilikataa hata kama kilichomo kilionekana kizima, na aliyethubutu kugusa karatasi ya kichujio kwa kidole alikiona cha moto. Mkewe alikuwa amefariki siku nyingi. Alikula chakula chake peke yake, wali na maharage meusi na ndizi za kukaanga, huku akisoma vitabu vya maelekezo ya mashine kama wenzake wanavyosoma magazeti ya mpira.

Kwenye meza ya kumi na saba alikuwa bibi Hannia Solórzano, doña Hannia kwetu. Mkono kama wake sijauona tena. Vali moja humchukua mshonaji siku mbili, na za Hannia zilikuwa hazirudishwi. Tatizo lake lilikuwa shingo. Ukikaa saa nane chini ya hewa inayoshuka bila kupumzika, baridi inaingia mpaka kwenye mfupa, na yeye alikuwa na miaka hamsini na minne.

"Don Evelio," alimwambia siku moja mlangoni kwangu, akijisugua bega, "huo upepo wako utanizika. Nikifa usije msibani."

"Nitakuja na feni, doña Hannia. Usione joto huko ndani."

"Shetani wewe! Jemadari, mtoe huyu."

Tukacheka, na mimi nikasahau. Evelio hakusahau. Juma lile lile alipanda ngazi akashusha mwendo wa mashine ya meza ya kumi na saba. Kawaida yetu ni sentimita arobaini na tano kwa sekunde, na chini ya thelathini na sita hairuhusiwi. Yeye aliweka thelathini na nane. Kisheria ilikuwa bado salama. Kosa lake lilikuwa kwamba hakumwambia mtu, na daftarini akaacha arobaini na tano.

Miezi miwili baadaye Poás, volkano yetu, ikaanza kutema majivu. Asubuhi tulifagia vizingiti, mchana tukafagia tena. Kiwandani majivu yaliziba vichujio vya juu ya paa, vile vya kwanza kabisa vinavyopokea hewa ya nje, na kila mashine ikapungukiwa kidogo. Meza nyingine hazikuonyesha kitu. Kwenye meza ya kumi na saba, kifaa cha kuhesabu chembe kikaanza kupiga kelele, na vali kumi na moja za Hannia zikafungwa utepe mwekundu wa kukataliwa.

Mhandisi wa ubora, bibi Ledezma, alifungua daftari akakuta arobaini na tano, mwandiko mzuri, sahihi ya Evelio. Akaona hewa haina neno, basi uchafu umetoka kwa mtu. Akamwita Hannia na kumuuliza anapaka nini shingoni. Hannia, asiyejua kudanganya, akajibu kwamba usiku hupaka dawa ya kuchua na asubuhi huoga. Basi. Dawa ya kuchua ikawa ndiyo mshtakiwa. Mshonaji anayevunja kanuni za chumba cha kuvalia hupoteza meza yake moja kwa moja na kupelekwa kwenye ufungaji, kubandika lebo. Na mimi niliyempitisha nikaambiwa nimekuwa kipofu. Mimi! Nilimnusa mwanamke yule kila asubuhi kama mbwa wa forodha. Hakuwa na kitu.

"Niacheni nishone," Hannia alisema. Kushona ndiko kulikomfanya ajue yeye ni nani.

Kabla ya kufunga shauri, bibi Ledezma alitaka jaribio la moshi. Evelio alileta kibomba chake kinachotoa ukungu wa maji, akasimama kwenye meza ya kumi na saba. Sisi tulijazana dirishani, na Hannia mbele yetu. Ukungu ukitoka unatakiwa kushuka wima hadi chini. Ule ulishuka hadi kwenye taa ya hadubini, ukasita, ukaanza kuzungukazunguka pale pale mikono ya mshonaji inapokaa, halafu ukapanda. Hata mimi nisiyejua kitu niliona. Evelio alizima kibomba, na mabega yakamshuka.

"Kichujio kimechoka?" bibi Ledezma, aliyekuwa nasi dirishani, aliuliza kwa kipaza sauti cha chumbani. "Si kitu, tukibadilishe."

Bibi Ledezma mwenyewe alikuwa amempa njia ya kujiokoa. Angeitikia tu, angepandisha mwendo jioni wakati wa kubadilisha, na hakuna ambaye angejua hadi leo.

"Hapana, Mhandisi. Kichujio kizima. Ni mimi nilipunguza, mwezi wa pili. Sikuandika."

"Ulipunguza kwa nini?"

"Alikuwa anaona baridi."

Bibi Ledezma alivua miwani, akaivaa tena. "Don Evelio, hilo siwezi kuliandika kwenye ripoti."

"Liandike, mama. Ndiyo sababu yenyewe."

Hannia alirudishiwa meza. Evelio alizuiwa kuingia chumba cha hewa safi kwa mwaka mzima, akapelekwa juu ya paa kubadilisha vichujio vilivyojaa majivu. Hata hivyo walipotaka kununua mashine mpya walimwomba maoni, maana hapakuwa na mwingine. Alichagua zile zinazofungwa kwa ufunguo, zenye kioo kinachoonyesha mwendo wa hewa kwa kila aliye chini, na zinazohifadhi jina la kila anayezigusa. Kwenye sehemu ya sababu aliandika: "Ili mtu kama mimi asiweze." Niliisoma karatasi ile, na sioni haya kusema kwamba nililia.

Zikabaki zile vali kumi na moja. Kanuni yetu ni kwamba kazi iliyokataliwa inakatwa na aliyeishona, mbele ya shahidi. Hannia alimchagua Evelio. Kwa kuwa Evelio haruhusiwi kuingia, walikuja kukatia kwenye meza yangu.

Hannia alikata ya kwanza. Ya pili akasema, "Hii niliishona wiki mjukuu wangu alipoota jino." Alizikumbuka zote. Kufika ya saba, machozi yalikuwa yakimtiririka Evelio, naye hajui ayafute kwa kitu gani.

"Usilie humu," Hannia alimwambia. "Utamtia Xinia kazi."

"Nisamehe, doña Hannia. Siku ishirini na mbili za mikono yako."

"Mikono ipo. Na kama zingepita je? Zingekwenda kumuua mtu, na jina langu juu yake." Alikata ya nane, ya tisa, ya kumi. Akaweka mkasi chini. "Tangu niachike ni miaka kumi na miwili, don Evelio, na hakuna aliyewahi kujishughulisha kama naona baridi au sioni. Ndiyo maana nina hasira na wewe kiasi hiki. Siku nyingine niulize. Nitakwambia uache upepo ushuke kama unavyotakiwa. Lakini niulize."

"Unaona baridi?" Evelio akauliza.

"Sana," Hannia akasema, akachukua ya kumi na moja, akaikata.