Finjani ya Mzee Khalfani

Finjani iliyojaa ikitua kwenye sinia hutoa mlio mzito, si kama tupu. Mpaka leo, hapa kwetu Mawaleh, huku ng'ambo kwenye nchi ya Waarabu, nikiusikia mlio ule humkumbuka Mzee Khalfani.

Alikuwa akija kila Idi pili, kanzu imepigwa pasi, harufu ya udi imemtangulia mlangoni. Bibi alimmiminia kahawa ya iliki, naye akaiweka chini mbele ya magoti yake, wala haigusi. Mwaka mmoja nikamtania, "Babu Khalfani, mbona hunywi? Unaogopa uchungu?" Akacheka kidogo. "Nnangoja, mwanangu." Nikadhani anangoja ipoe. Wapi! Ilipoa, akaaga, akaenda zake, na Bibi akaimwaga kwenye shina la asumini.

Bibi ndiye aliyenieleza. Kwa mila zetu, mgeni mwenye ombi zito hanywi kahawa mpaka mwenye nyumba amkubalie. Na ombi lake lilikuwa msamaha. Zamani, huko bara, kabla ya kuvuka bahari kuja huku, yeye na babu yangu walikuwa wachochea moto wa treni. Wafanyakazi wa reli waligoma, wakaapa kwamba hakuna atakayewasha injini. Khalfani akaiwasha. Mgomo ukavunjika, Babu akafukuzwa kazi, yeye na Bibi wakatolewa kwenye nyumba ya reli katikati ya masika na kichanga mkononi. Kichanga hakikuyamaliza masika hayo.

"Anasema wanawe walikuwa na njaa," Bibi aliniambia. "Na wetu je?"

Basi kila Idi Babu alimkaribisha vizuri tu, wakazungumzia joto, bei ya samaki, maumivu ya magoti. Ila neno "kunywa" hakulitamka. Nami niliichukia sana ile finjani, kwa namna ilivyokaa pale ikitutazama sote.

Kisha Mzee Khalfani akafariki, kabla ya Ramadhani. Idi pili ilipofika, Babu alimwambia Bibi amimine finjani mbili. Moja akaisogeza juu ya zulia, pale palipokuwa mahali pake.

"Haya, kunywa, Khalfani," akasema. Akasubiri. "Kunywa, ndugu yangu, nimekusamehe."

Wallahi niliogopa! Nilidhani anamwona, nikajificha nyuma ya Bibi, na Bibi mwenyewe analia. Kahawa ikapoa, na Babu akakataa isimwagwe.

Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa. Babu hakuwa akimwona mtu yeyote pale, na hilo ndilo lililokuwa likimtisha: msamaha ameutoa, wa kuupokea hayupo.