Kazi Isiyokuwa Ukutani

Hessel Boonstra alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa karibu na Dokkum, kaskazini mwa Uholanzi, na kazi ya kwanza aliyoipenda maishani ilikuwa kuchora mitaro. Baba yake alizoea kulalamika kwamba kila aliyewahi kuchimba mtaro shambani hapo aliuchimba kwa haja zake, akafa au akahama, na sasa maji yenyewe hayajui yaende wapi. Mtoto akalizunguka shamba zima na karatasi, akaonyesha mtaro upi unamwaga kwenye upi. Baba akautazama mchoro, akaziba mitaro miwili, na malisho ya upande wa kanisa, yaliyokuwa yakituama maji, yakakauka. Hakumsifu mwanawe, maana watu wa huku hawana ulimi mwepesi wa kusifu, lakini mchoro ulibandikwa kwenye mlango wa banda na ukakaa pale mpaka wino ukafifia.

Ukubwani alifanya kazi hiyo hiyo, ila bila matope. Alikuwa msanifu wa shirika katika kampuni ya bima ya wafugaji mjini Leeuwarden. Msanifu majengo huchora nyumba. Hessel alichora kampuni. Alionyesha inafanya nini, kazi ipi inaitegemea ipi, na ni mtambo upi wa kompyuta unaoibeba, ili siku mtu akitaka kubomoa ukuta ajue kwanza kama si huo ulioshika dari. Mama mkwe wake aliwaeleza majirani kwamba mkwe wake anachora masanduku na anapewa mshahara kwa hilo. Hessel hakubisha. Lakini ni yeye aliyegundua kwamba anwani ya mfugaji ilikuwa ikiandikwa upya katika kila idara, ndiyo sababu barua za rambirambi zilikuwa zikifika kwenye nyumba walizokwisha kuhama watu.

Alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza hata kwa wakubwa: kwenye ramani yake hakuna jina la mtu. Watu huja na kuondoka, alisema, kazi hubaki. Ukichora watu utachora ugomvi wao na vyeo vyao, na kesho kutwa mchoro ni wa kutupa. Kwa hiyo alipita na swali lake, mlango hadi mlango: mnafanya nini hapa, na kwa ajili ya nani?

Kisha wakurugenzi wakaamua kampuni iwe nyepesi. Neno hilo lililetwa na washauri kutoka Amsterdam, vijana waliovaa viatu vyeupe katika mji wa mvua. Tusiwacheke sana, kwa sababu walisema kweli: kubadilisha sentensi moja kwenye barua ya fidia kulichukua nusu mwaka, maana ilipita kwa kila mkuu wa idara na kila mkuu alikuwa na koma yake. Idara zingevunjwa, zikaundwa timu ndogo, kila moja ikishika kazi yake toka mwanzo hadi mwisho bila kumwomba mtu ruhusa. Kulikuwa na timu ya Moto, timu ya Ng'ombe, timu ya Dhoruba na nyingine. Na zingegawanywa kwa kufuata ramani ya Hessel. Kila sanduku lingepata timu moja inayolimiliki. Kisicho na sanduku hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe hakifanywi. Sentensi hiyo ya mwisho aliisema Hessel mwenyewe kwenye ukumbi, na watu wakaiandika.

Alipofika kwa Tjitske Hoekstra, mkuu wa idara ya madai, alikaa naye kama anavyokaa na rafiki. Walikuwa wakila mkate na jibini pamoja kila adhuhuri tangu wote wawili wakiwa na nywele nyeusi.

"Haya, Tjitske, unafanya nini hapa?"

"Nagawa madai kwa watu. Nakagua fidia kubwa. Nagombana na mawakili." Akafikiri. "Nakumbuka siku za watu. Namjua nani kafiwa, nani ana mgonjwa nyumbani, nani wiki hii asitumwe kwenye banda lililoungua. Hayo pia andika."

Hessel aliweka kalamu chini. "Hiyo ni tabia yako nzuri, bibi, si kazi ya kampuni. Mteja wake ni nani?"

"Basi usiandike," alisema Tjitske, na akamega mkate wake.

Ramani ikabandikwa kwenye ukuta mrefu karibu na mashine ya kahawa. Wakuu wa idara hawakuwamo, kwa kuwa kuwa mkuu si kazi bali cheo. Wote wakatakiwa kuomba nafasi mpya kama watu waliotoka barabarani. Tjitske aliomba, akakosa, akapatana na kampuni kuwa angeondoka Ijumaa ya mwisho ya Novemba. Hakupayuka wala hakulia chooni. Alihamisha tu mkate wake kwenye meza ya dirishani, akawa anakula peke yake. Hessel alitamani kitu kimoja tu kabla ya Ijumaa hiyo, nacho ni huyu mama arudi mezani amtanie kama zamani. Hakujua aanzie wapi. Mtu aliyeweza kueleza kampuni nzima kwa mishale alishindwa kuvuka chumba na sahani.

Katikati ya Novemba akatimiza miaka hamsini. Huku mwanamume wa hamsini husemwa amemwona Ibrahimu, yule mzee wa Biblia, na wenzake humtengenezea Ibrahimu mwenyewe, sanamu la matambara lenye ndevu na koti kuukuu, wakalikalisha kwenye kiti chake alikute asubuhi. Mwanamke huletewa Sara. Ni mzaha, lakini ole wake asiyeletewa.

"Usijifanye umeshtuka sana," mkewe Foekje alimwambia akimfunga skafu. "Ukizidisha wanajua ulikuwa unangoja."

"Nani anangoja?"

"Wewe. Umevaa shati jipya."

Alipanda baiskeli na keki nne za chungwa kutoka Dokkum, zenye sukari ya rangi ya waridi juu, kwa sababu mwenye siku ndiye hulisha wenzake. Ofisini hakuna tena aliyekuwa na kiti chake. Mtu hukaa palipo wazi. Akatazama viti vyote. Akatazama chumba cha mikutano. Akaenda hadi nyuma ya mashine ya kuchapia, akijidai anatafuta karatasi. Ibrahimu hakuwepo.

Saa ya kahawa watu wakakusanyika mbele ya ramani, wakampa mkono mmoja mmoja.

"Hamsini, bwana! Sasa mzee wako yuko wapi?" aliuliza Jorrit wa timu ya Moto.

"Si watu wa Ng'ombe walikuwa wanashughulikia?" mwanamke mmoja akajibu.

"Sisi? Sisi tulijua ni Dhoruba. Hessel si anakaa na Dhoruba?"

"Anakaa nasi Jumanne tu. Huyu hana timu, ni wa wote."

"Basi wote tumesahau," alisema Jorrit, na watu wakacheka bila ubaya wowote.

Hessel akacheka nao, akakata keki. Ilimuuma, tena ilimuuma kuliko alivyodhani inaweza kumuuma mtu mzima kwa ajili ya gunia la matambara.

Tjitske alikuja wa mwisho na kisahani chake. "Hongera."

"Asante." Akamkatia kipande kikubwa. "Ulijua ni leo?"

"Nimejua tangu Januari. Ibrahimu yuko kwenye kabati la ghorofa ya pili. Ndevu zake nilizishona upya mwaka jana."

"Kumbe. Sasa mbona..."

"Kisichokuwa ukutani hakifanywi. Si ulisema mwenyewe? Niliandika."

Watu waliokuwa karibu walijishughulisha ghafla na vikombe vyao.

"Lakini kiti chako hakininyimi usingizi, Hessel," aliendelea kwa sauti ya kawaida. "Kinachoninyima ni Klaas, aliyekuwa mkaguzi katika idara yangu. Alimzika mkewe Septemba, na juzi timu ilimtuma kwa mfugaji aliyefiwa na mke kwenye moto. Zamu ilikuwa yake, hawakujua. Tangu hapo yuko kitandani. Hakuna aliyekusudia. Uliniuliza mteja ni nani, ni yeye."

Hessel alifuta sukari vidoleni. Akachukua karatasi ya kubandika, akaandika kwa herufi kubwa TJITSKE, akaibandika katikati ya ramani. Lilikuwa jina la kwanza la mtu kupata nafasi pale.

Ruurd, mkurugenzi, mtu mpole aliyependa kila jambo liundiwe kamati, akasogea akitafuna. "Hilo sanduku ni la nini?"

"Halifai," alisema Tjitske. Aliibandua karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni. "Jina langu linaondoka Ijumaa ya mwisho. Kazi inabaki. Umetufundisha vizuri, bwana, usiharibu siku ya keki." Akaandika nyingine mwenyewe: Kujua hali ya watu wetu. Akaibandika palepale.

"Sawa," alisema Ruurd. "Na ni la timu gani?"

Watu wa Moto wakawatazama watu wa Ng'ombe. Watu wa Dhoruba wakatazama mvua.

"Tunaweza kuunda kikundi cha kulifikiria," alisema Ruurd.

"Ukiunda kikundi nakutupia hiki kisahani," alisema Tjitske.

Hessel, mtu wa wote asiye na timu, akainua mkono.

Adhuhuri ile Tjitske alirudi mezani na mkate wake, na hakuomba radhi wala hakuombwa. "Keti vizuri," alimwambia, "una mengi ya kujifunza na kichwa chako ni cha mishale." Siku zilizobaki alimfundisha. Jorrit mtoto wake hasikii vizuri, kwa hiyo simu ya shule hupokelewa hata katikati ya mkutano. Fulani hapendi kuimbiwa. Fulani akifiwa asipelekewe kadi, apelekewe supu. Hessel alijaribu kuyachora, akaachana na kuchora, akasikiliza. Klaas alipopata nafuu walimtembelea pamoja, na Hessel alikaa saa nzima akizungumzia samaki, asiowajua hata kidogo.

Kazi yake ya kwanza peke yake ilikuwa kumuaga mwalimu wake. Ijumaa ya mwisho alikwenda mapema sokoni, kwenye kibanda cha maua, mvua ikinyesha.

"Anapenda yapi?" muuzaji alimuuliza.

Hessel akatoa simu. Akampigia Foekje. Foekje hakujua. Akampigia Jorrit, naye akawauliza timu nzima ya Moto waliokuwa wamesimama kwenye kikao chao cha asubuhi. Zilisikika sauti zikibishana juu ya waridi, bila mwafaka. Katika jengo lote kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kila mtu anapenda nini. Akampigia huyo.

"Tjitske, samahani. Unapenda maua gani?"

Upande wa pili kikombe kiliwekwa mezani.

"Hakuna aliyewahi kuniuliza," alisema Tjitske. "Ngoja nifikiri."

Hessel akasimama mvuani, simu sikioni, akangoja.